Kilio Alichonyolea Octave

Mwaka ule Wabelgiji walipofunga masanduku yao na nchi ikapata uhuru, hakuna kichwa Uvira nzima kilichotunzwa kama cha Octave. Kila Jumamosi mchana alikaa kwenye kiti cha Modeste, kinyozi wa karibu na daraja la Mulongwe. Modeste alimpunguzia nywele pembeni, akachukua wembe, akamchora njia: mstari mmoja mnyoofu, upande wa kushoto, kutoka juu ya paji la uso hadi karibu na utosi. Juu yake alipaka mafuta ya briyantini. Njia hiyo ndiyo iliyomtenga karani na mkulima. Octave alikuwa karani wa mizani ya pamba, na bosi wake Mzungu alipoondoka, yeye ndiye aliyekabidhiwa funguo za ofisi. Wenye kijicho walisema zilizopewa funguo ni zile nywele. Waache waseme, hata mwenyewe aliamini hivyo kidogo.

Tena usione vyaelea, vimeundwa. Alfajiri alikimbia kando ya ziwa, akaogelea, akarudi kunyoosha viungo kwa mazoezi aliyofundishwa na mafurere, wale watawa wa misheni, mpaka shati likawa halina pa kulegea mabegani. Akipita sokoni, wanawake wauza samaki wa ndagala walimwita Musyé Njia, yaani Bwana Njia. Alicheka, akatembea wima zaidi.

Hawakujua alikotoka. Utotoni, kijijini Katogota, kichwa chake kilikuwa kimejaa mapunye. Wenzake hawakumkaribia, na mama mmoja alimfukuza uani kwake kwa ufagio. Mama yake mzazi alikwishafariki. Aliyebaki ni baba, Mzee Kashindi, na Mzee Kashindi kila asubuhi alitafuna majani machungu ya mubirizi, akatema ule uji mkononi, akamsugua mtoto kichwani. Alifanya hivyo masika nzima, hadi midomo yake ikachubuka. Nywele zilipoota zilikuwa nyingi na nyeusi, na yule mtoto aliyekuwa akitembea akitazama vidole vya miguu akainua uso. Tangu hapo watu walileta watoto wao kwa Kashindi hata kutoka Mutarule.

Basi ikafika Mei ya mwaka sitini na nne, na waasi wakaingia Uvira. Walikuja na mikuki, bunduki chache na dawa yao ya maji, waliyoamini inazuia risasi, na walikuwa na hasira na kila aliyeshika kalamu. Karani, mwalimu, mtu wa biro, yaani wa ofisini, wote kwao walikuwa Wabelgiji weusi. Hawakuomba vitambulisho, kwa sababu wengi wao hawakujua kusoma. Walitazama viatu, walitazama miwani, walitazama nywele. Siku ya tatu walimkamata Léopold, mwalimu aliyekaa kiti cha Modeste kila Jumamosi kabla ya Octave, wakamuua pale pale darajani. Kosa lake lilikuwa kichwani, kila mtu aliliona.

"Mwenzako akinyolewa, weye tia maji," Émérance, mke wake Octave, alimwambia. "Nyoa ile nywele leo."

"Nitavaa kofia."

"Kofia wataitoa. Minye sitaki kuwa mujane kwa sababu ya briyantini."

Alikataa siku mbili nzima. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, anabishania nywele huku maiti ziko barabarani. Lakini mimi siwezi kumcheka. Kila alipojaribu kufikiria kichwa kitupu alimwona mtoto yule wa Katogota na ufagio nyuma yake. Siku ya tatu Modeste alimnyoa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na nywele wakazichoma. Hapo ndipo walipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Ngozi iliyopitishwa wembe kila wiki kwa miaka minane ilikuwa imebaki nyeupe. Nywele zimeondoka, njia imebaki.

Émérance alimpaka masizi na mawese. Ilififia, haikutoka. Wakakubaliana: yeye na watoto wabaki kwa wazazi wake ufukweni, Octave aende Katogota kwa baba yake, mahali ambapo hakuna biro wala karani. Aliondoka bila viatu, kofia kichwani na jembe begani. Mabega yale yaliyokuwa yakijaza shati sasa yalikuwa yameanguka, na hakuyaangusha kwa kuigiza.

Kizuizi kilikuwa kabla ya kufika Sange. Waasi walimvua kofia, na mmoja akapitisha kidole gumba juu ya kichwa chake, polepole, kutoka mbele hadi nyuma.

"Kamanda, huyu iko na njia."

Kamanda alikuwa mtu wa bondeni, bonde lile lile la Katogota, mtu wa miaka thelathini hivi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao. "Weye iko karani."

"Hapana. Iko mulimaji."

"Sasa ulinyoa juu ya nini? Mutu anayenyoa leo anajificha. Ao iko na kilio."

Lazima msomaji aelewe kilio kule ni nini. Mtu wa bondeni akifiwa na wa damu yake, ananyoa kichwa chote siku ya maziko, na hakuna anayemuuliza zaidi. Lakini kumnyolea mtu aliye hai ni kumwita kaburini. Hata walevi hawafanyi mzaha huo. Octave aliyajua hayo tangu akiwa mgongoni. Ila ulimi hauna mfupa, na mkuki ulikuwa umegusa ubavu.

"Iko kilio," alisema. "Baba yangu alikufa."

"Baba yako nani?"

Angeweza kutaja jina lolote. Bonde ni refu, lina majina mengi. Akataja la kweli, kwa sababu hofu haina ubunifu. "Kashindi wa Katogota."

Kamanda alishusha mkuki wa mwenzake. "Kashindi wa dawa ya mapunye? Alitibu ndugu yangu." Akatikisa kichwa, akasikitika kwa dhati. "Pole. Mutu wa kilio hatembei peke yake." Akaita wapiganaji wawili, watu wa Fizi, kusini, wasiomjua Kashindi kwa sura, akawaamuru wamsindikize hadi msibani wakatoe heshima kwa niaba yake.

Njiani Octave aliomba mvua, aliomba mto ufurike, aliomba hata mguu uvunjike. Hakuna kilichotokea. Walitembea siku mbili, na wale wawili walimbebea jembe. Mchana wa siku ya pili waliingia uani kwa baba yake, na Mzee Kashindi alikuwa ameketi mlangoni, mzima, anamenya mihogo.

Mmoja wa wapiganaji ndiye aliyesema, "Tunaleta mwana wa marehemu Kashindi. Kamanda anasema pole."

Mzee alitazama kichwa cha mwanawe. Kichwa hicho hakuna aliyekijua kuliko yeye. Alitazama upara, masizi, ule mstari mweupe, kisha bunduki. Akaweka kisu juu ya mihogo.

"Asante," alijibu. "Minye iko mudogo wake. Kaka alikufa wiki hii, tumezika. Tulikuwa tunangojea huyu." Halafu akamwambia Octave, "Ingia, mwanangu. Lia baba yako."

Apolline, dada mkubwa wa Octave, alikuwa nyuma ya nyumba na alisikia kila neno. Alielewa mara moja. Alijitupa chini akapiga yowe, na yowe lile lilikuwa la kweli, maana alikuwa amemsikia baba yake akijitangazia kifo. Majirani wakaja mbio. Walimkuta Kashindi amesimama, na binti yake anamlilia Kashindi. Waliona bunduki, wakalia nao. Zilikuwa nyumba arobaini, na hata mtoto hakuponyokwa na neno.

Wapiganaji walitaka kaburi. Mzee akawapeleka kwenye migomba. Siku nne nyuma alikuwa amefukia ndizi shimoni ziive kwa ajili ya pombe ya kasiksi, akazifunika majani na udongo, na udongo ulikuwa bado mbichi. Wale watu wa Fizi walivua kofia mbele ya ndizi, kila mmoja akatupa gao la udongo. Siku nyingine kijiji kingecheka mwaka mzima.

Kisha mmoja akauliza, "Mudogo wa marehemu bado hajanyoa?"

"Tulingojea mwana," alisema mzee, akavuta kigoda, akaketi.

Kwa hiyo Octave alimnyoa baba yake, kwa kilio cha baba yake. Nywele nyeupe zilianguka mabegani mwa mzee na kwenye maganda ya mihogo. Akamkata nyuma ya sikio. Mzee aliinamisha kichwa zaidi ili wembe upite vizuri. Octave alitamani wangemuua pale Sange.

Wapiganaji walikaa siku mbili, wakala mbuzi, wakaenda. Octave alipiga magoti. Baba yake alimwinua.

"Silaumu. Wangekuua. Lakini ile kazi ya kilio imefanyika, haifunguki. Jina langu usiite tena."

Alimaanisha alichosema. Watu wakimwita Kashindi hakugeuka. Waliojaribu kumtania waliacha upesi. Zile ndizi hakuzifukua, zikaoza zote. Watoto wa mapunye walipoletwa aliwaambia mganga alikwisha kufa.

Oktoba jeshi la serikali lilirudi, nalo likaua kwa upande wake. Octave alirudi Uvira mwishoni mwa mwaka. Ofisi ilikuwa imepoteza paa, mizani ilikuwa imeibwa, Modeste alikuwa amevukia Burundi. Nywele ziliota. Mtu akizoea kuinua uso ni vigumu kumzuia: akaanza tena kukimbia ufukweni, akapata kinyozi mwingine, na kufikia Pasaka njia ilikuwa mahali pake. Sokoni wakamwita Musyé kama zamani. Ni Katogota tu alikokuwa akiingia na kofia. Baba yake alimpokea vizuri, akampa kiti, akamuuliza habari za watoto. "Karibu, mwana wa kaka," alikuwa akimwambia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtesa Octave, kwa kuwa hasira ingeweza kuombewa msamaha.

Mwaka sitini na sita homa ya siku tatu ilimchukua mzee. Habari ilipofika, Octave alinunua wembe mpya, akapanda lori hadi Luvungi, akatembea iliyobaki. Alikuta ndugu wamejipanga mstari nje ya nyumba, Apolline anawanyoa mmoja mmoja. Akavua kofia, akaketi kwenye mstari. Alikuwa analia, na alikuwa na haja na ule upara kuliko alivyopata kuzihitaji nywele maishani mwake.

Zamu yake ilipofika, Apolline aliushusha wembe.

"Weye hapana, Octave."

"Yaya, dada yangu, nakuomba."

"Mzee alikataza. Alisema weye ulishamunyolea, na baba hanyolewi kilio mara mbili." Machozi yalimtiririka, lakini alimwita aliyefuata.

Walizika alasiri. Wajukuu walikuwa wamenyolewa, wapwa, hata jirani aliyeazimwa jembe miaka mingi. Octave peke yake alisimama pale na nywele zake zilizochanwa. Baada ya maziko, mzee mmoja kutoka Mutarule alipita akiwapa mkono watoto wa marehemu, kichwa kitupu baada ya kichwa kitupu. Alipofika kwa Octave aliurudisha mkono wake, akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni wa mjini.

"Musyé, umetoka mbali kuja kutusaidia kuzika. Ulimujua marehemu?"

"Kidogo," alijibu Octave.