Injini Haiachwi Peke Yake

Watu wa Mogogosiek walimwita Kipyegon "Baharia", naye hakuwakatalia, ingawa bahari yenyewe aliiona mara chache. Miaka yake yote katika jeshi la wanamaji aliimaliza tumboni mwa meli ya doria, kati ya injini mbili za dizeli zilizosukuma meli na nyingine ndogo iliyotoa umeme. Huko chini sheria ilikuwa moja: injini inayonguruma haiachwi mpaka mwenzako afike, umweleze hali yake, naye aseme ameipokea. Alistaafu akarudi nyumbani na sheria hiyo, pamoja na sikio moja bovu. Kiwanda cha chai kikampa jenereta yake aitunze.

Masika ya mwaka wa 1995 yaliangusha nguzo za stima. Jenereta ikawashwa, maana majani yaliyokwisha kusagwa hayamngoji mtu. Mchana binti yake Fancy akaja mbio, matope hadi magotini. Mama yake, Chepchirchir, alikuwa amelala na homa ya mapafu wiki nzima.

"Baba, twende. Mama amezidiwa, anakuuliza."

"Oyaro wa zamu ya pili hajafika kunipokea."

"Si Gibson wa boila anaweza angalia hii kitu?"

"Gibson hajui hii injini. Wewe tangulia, mimi nakuja."

Fancy alimtazama, kisha akaenda. Kipyegon alitaka kumfuata, hilo lisemwe wazi. Miguu ndiyo iliyokataa. Mazoea yana taabu.

Oyaro alifika jioni. Mto ulikuwa umefunika daraja. Kipyegon akamweleza: presha ya oili sawa, maji sawa, dizeli nusu tangi. Oyaro akasema ameipokea. Ndipo Kipyegon akashika njia ya nyumbani, akakuta majirani wamesimama uani.

Siku ya mazishi meneja alimsifu mbele ya watu, kwamba hata kilo moja ya chai haikuharibika. Kipyegon aliitikia kwa kichwa. Alitafuta machozi asiyapate. Msiba aliusikia kama habari za boma la mtu mwingine.

Watu walipotawanyika, Fancy alikuja akakaa karibu naye.

"Mama aliuliza kama umefika," alisema. "Macho yake ilikuwa haioni tena. Nikamwambia umefika, umekaa hapo. Akanyoosha mkono. Nikaushika mimi, nikanyamaza."

"Akasema nini?"

"Akasema mkono yako imekuwa laini siku hizi. Alifurahi, Baba."