Barua ya Mjane wa Milimani

Mwaka 1970, miezi michache baada ya utawala kubadilika, Maskati ilijaa watu walioteremka kutoka bara ya Omani. Miongoni mwao alikuwa mjane mmoja wa milimani, aliyepanga chumba nyuma ya nyumba yetu pamoja na bintiye wa miaka kumi na miwili. Sisi wenyewe tulikuwa wageni. Tulitoka Unguja miaka sita nyuma, na mtaani bado wakituita Wazinjibari.

Asubuhi moja mjane alinikuta nikisoma barua ya dada yangu.

"Na kuandika unajua?" akaniuliza kwa Kiarabu.

"Najua."

Akafunga mlango ndipo akasema. Ami yake mtoto, ndugu wa marehemu mumewe, alikwisha kubali binti aposwe na mtu mzima mwenye wake wawili. Liwali mpya alitangaza kwamba anapokea malalamiko ya kila mtu, hata wanawake.

"Niandikie kwamba sitaki. Wanasema shule ya wasichana inafunguliwa. Nataka mwanangu asome."

Mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele, aliniita pembeni. "Mwanangu, nnakuomba, usitie mkono wako. Hapa hatuna mjomba wala ami. Wakitugeukia, nani atatusemea?"

Niliandika hivyo hivyo, ila maneno yake makali niliyaruka. Mjane akatia dole gumba, akaipeleka mwenyewe kwa liwali.

Siku ya tatu ami mtu akasimama mlangoni petu, jambia kiunoni.

"Nani kaandika?"

Mama alinishika kanzu kwa nyuma. Nikasema, "Mimi."

Akasema liwali amekwisha mwita kwa barua hiyo. "Basi kesho utakuja kuisoma mbele ya liwali, na wanaume wa kabila letu wakusikie."

Nilikwenda. Baraza ilikuwa imejaa wanaume, na sauti yangu ilikatika mara mbili kabla sijafika mwisho. Liwali akamgeukia mjane. "Haya ni maneno yako?"

"Ni yangu," akasema. "Na yale aliyoyaacha kwa kuogopa, nitayasema mwenyewe."

Akayasema yote, mpaka la mume wake kumuusia asimwoze mtoto bado mdogo. Liwali akaamua posa ivunjwe, na binti asiozwe mpaka awe mkubwa na aulizwe mwenyewe. Ami alitoka bila ya kumuaga mtu.

Shule ilipofunguliwa, yule binti alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Lakini kwa wiki nyingi mlango wetu ukigongwa, mama alinyanyuka na kunitazama kwanza.

Mjane hakurudi tena milimani. Mama yake mzazi alipofariki huko, hakuna jamaa aliyemletea habari, kwa vile alivyowashitaki. Alikuja kusikia sokoni, kwa muuza tende, arubaini imekwisha pita.