Mtani Aliyechukua Somo Langu

Katikati ya miaka ya sabini nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi Mbeya. Mwalimu wa darasa la jirani alikuwa Mngoni. Mimi Mhehe wa Kilolo. Basi tulikuwa watani. Akinichukulia kuku, nacheka. Nikimsema mbele ya wageni, anacheka. Kukasirika ni aibu.

Tukaambiwa mkaguzi atakuja kututazama tukifundisha, na mmoja wetu atapelekwa Iringa kusoma Kiingereza mwaka mzima. Niliitaka mno nafasi ile. Mama yangu alikuwa mgonjwa Kilolo, na nikiwa Iringa ningeweza kumwona kila Jumamosi.

Mtani akanijia. “We mla mbwa,” akasema, kwa jina wanalotutania Wahehe, “hizi who na which zimenishinda. Nisaidie.”

Nikamsaidia Jumapili tatu. Sisi tunasema “mama anayeuza ndizi”, nikamwambia, na ile “ye” imekaa ndani ya kitenzi. Mwingereza anaiweka nje, ijitegemee. Kwa hiyo wasimamishe watoto na kadi: I know a woman. She sells bananas. Sasa mwenye “she” aketi, na mwenye “who” asimame mahali pake. Sentensi mbili zimekuwa moja. Kama ni kitu, mpe mtoto “which”. Usiogope, hakuna mzito wa kuelewa. Kuna aliyeelezwa haraka tu.

Siku ya ukaguzi mkaguzi alianzia kwake. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao, nikazisikia sentensi zangu moja baada ya nyingine, watoto wakiketi na kusimama. Mkaguzi alipoingia kwangu nilifundisha yale yale; sikuwa na mengine. Akafunga daftari.

“Kuiga mwenzako si vibaya, mwalimu. Lakini tunamtafuta aliyebuni.”

Ofisini nilipotaka kusema, mtani akanitangulia. “Mhehe analia! Nimemla kuku wake, na manyoya nimemwachia yeye!”

Walimu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu akafuta machozi. “Mambo ya watani hayo, hatuyaingilii.”

Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Siku yake ya kwenda Iringa tulimsindikiza hadi kituo cha basi. Alipokwisha kuketi akachungulia dirishani, safari hii bila mzaha. “Mwalimu, na whose? Hiyo hukunieleza.”

Nikajikuta nimeshaanza, “Whose sasa, tuseme mama ana...” Kisha nikaiacha hapo hapo, nikampungia mkono. Basi likaondoka, nami nikarudi nyumbani kumwandikia mama kwamba siji.