Mwenye Jiwe la Kusagia

Miaka ile ya soko huria, mashine za kusaga zilipokwisha kufika hadi kijijini kwetu Lupepo, watafiti wa mambo ya kale walichimba migombani petu wakafukua jiwe la kusagia la kale, lililolika katikati. Walilipima kutwa nzima, wasomi wazima, wakiwa wameligeuza kinyume. Mama, aliyesaga ulezi kwa mikono tangu usichana wake, alishindwa kuvumilia. Akaligeuza, akapiga magoti upande mnene, akasukuma mikono mitupu mbele na nyuma.

"Mwenye jiwe alipiga magoti hapa, jamani."

Wakaandika haraka, wakamwambia jiwe lile lina maelfu ya miaka. Mama akapapasa pale palipolika, akauliza kama mtu anayemuulizia jirani:

"Na watoto wake, walikuwa wanashiba?"