Fomu Kwenye Mkoba wa Mama

Mtaani wanamwita mama yangu Bibi Bangi, naye anaitika, tena kwa kicheko. Chanzo ni mdomo wa baba. Aliulizwa kwa kinyozi mkewe anafanya nini huko maabara, akajibu kwa maringo, "Mambo ya bangi." Basi, jina likanata!

Ukweli ni huu, na nimechoka kuueleza: miili yetu yenyewe hutengeneza kemikali zinazofanana na zile za bangi, na seli za ubongo zina vipokezi vya kuzipokea. Kwenye magonjwa yanayoula ubongo pole pole, vipokezi hivyo hubadilika. Wenzake mama wanachunguza kama kupitia hapo seli zinaweza kulindwa. Dawa bado, msimsumbue! Kazi yake ni kugandisha kipande cha ubongo, kukikata kwa mashine kiwe chembamba kuliko ganda la kitunguu, kukilaza kwenye kioo bila kukunjika, na kukitia rangi ili vipokezi vionekane. Hana mpinzani.

Baba alikuwa fundi saa. Ugonjwa wa Parkinson, mmoja wa hayo yanayoula ubongo, ulimnyang'anya kibano mkononi, lakini mdomo ukamwachia. Maabara ilihitaji ubongo wa wagonjwa kama yeye, utolewe baada ya kufa, kwa hiari yao. Mama alichukua fomu ya kuridhia akaitembeza mkobani miezi mitatu. Unaanzaje kumwambia mumeo jambo kama hilo? Aliogopa ataona anahesabiwa siku. Nilimwambia, "Mama, muulize yaishe!" Akanifokea.

Jumamosi asubuhi baba alipekua mkoba akitafuta miwani, akaibuka na fomu. Akaisoma yote. Mama alisimama na sufuria mkononi.

"Mama watoto, kumbe wanitaka mpaka kichwa?"

Akacheka hadi akakohoa. Jamani, mama alilia na kucheka kwa pamoja, akaketi palepale sakafuni. Mimi nilifurahi mpaka nikamkumbatia na sufuria yake.

"Lete kalamu," baba akaniambia. Kisha akamgeukia mama. "Ila nina sharti. Unikate wewe mwenyewe. Yule mwenzako mwenye mkono mzito asinisogelee."

"Haiwezekani, baba watoto. Kila ubongo unaletwa na namba tu, hatuambiwi ni wa nani. Sitajua upi ni wako."

Baba akainamia fomu. Akatia sahihi taratibu, ikipanda na kushuka, akanirudishia kalamu.

"Basi kila namba uikate vizuri."