Nilivyomkimbiza Mzee wa Watu na Sahani Mkononi

Jamani, naomba nikiri mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine: yule mwanaume aliyeonekana Jumamosi moja mchana kule Campbelltown, hapa Sydney, akimkimbiza mzee wa Kizungu kwenye maegesho ya magari, sahani mkononi, mchuzi wa nyanya kifuani, akipiga kelele "Rudi ule! Rudi ule!", ni mimi. Si ndugu yangu wala mtu anayefanana nami. Ni mimi, na nilikuwa nimevaa shati langu la kanisani.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana bila kujua mwanzo wake mtadhani nina wazimu.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Korogwe kumsubiri mjukuu. Mke wangu Stella alikuwa na mimba ya miezi minane, mimi naingia zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na binti yetu Neema ana miaka tisa tu, kwa hiyo Mama ndiye alikuwa tegemeo letu lote. Sasa wiki tatu baada ya kufika, asubuhi ya Jumamosi hiyo, akaweka kikombe chake cha chai chini akasema, "Wanangu, nirudisheni nyumbani."

Stella akadhani anaumwa.

"Siumwi. Hapa hakuna watu. Tangu nifike naona magari na milango iliyofungwa. Watu wanakula kwa kujificha kama wameiba. Siwezi kukaa mahali ambapo mtu anapita wenzake wanakula na haambiwi hata karibu."

Stella akaingia bafuni akafungulia maji ili tusimsikie analia. Tukamsikia.

Nikaona dawa ni kumtoa nje akaone watu. Kuna mgahawa mdogo wa Wameksiko umebanwa katikati ya dobi na fundi wa matairi, mlango umepauka, ukipita haraka utadhani ni stoo, nami nilikuwa nimeupita miaka yote bila kuingia. Lakini nilishasikia kwamba anayepika ni mama mwenyewe na wanawe, na kwamba pale ni mahindi, maharage, pilipili, na watu wanakula kwa mkono, nikasema basi, hapo ni Korogwe kasoro jina. Njia nzima nikawa namweleza Mama habari za chakula hicho (mimi kazini ndiye ninayewafundisha wahudumu wapya, mdomo wangu umezoea kueleza, nikianza sina breki), ingawa jina la vile vichapati vya mahindi vya kukunja nilikuwa nimejipanga nisilitamke mbele ya mama mkwe. Wenye Kiswahili mnajua kwa nini: linafanana mno na sehemu ya kukalia.

Tukakaa. Meza sita tu, viti vya plastiki, harufu ya nyama ya kuchoma mpaka Stella akatabasamu. Chakula kikaja sinia zima. Mama akanawa, akaomba baraka, akatazama kushoto na kulia. Kila meza watu wameinamia sahani zao. Akashusha pumzi. "Unaona? Hata hapa."

Hapo ndipo nilipofanya kile kitu kidogo. Kando ya meza yetu alikuwa amesimama mzee mmoja, mrefu, kaptura na soksi hadi magotini, anasubiri afungiwe chakula chake. Ili Mama aone kwamba hata Sydney watu wanakaribishana, nikamgeukia yule mzee, nikamwonyesha sinia, nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Karibu, baba! Karibu tule!"

Sasa sisi tunajua jibu lake. Mtu anasema ahsante, nimeshashiba, endeleeni. Basi, umemheshimu, naye amekuheshimu, kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Yule mzee akasema, "Kweli? Mna roho nzuri nyie," akavuta kiti, akakaa.

Akajitambulisha, anaitwa Graham. Akachukua kichapati cha kwanza, akachukua cha pili, na cha tatu kilikuwa cha Stella, nilimwona Stella anakisindikiza kwa macho. Neema akaninong'oneza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba huyu ni nani na kwa nini anakula maharage yetu. Lakini Mama! Mama alikuwa amechanua kama bi harusi. Alimsogezea nyama, akamkamulia ndimu kwa mkono wake, akamwambia kwa Kiswahili kitupu, "Kula, baba, kula, usione haya," na Graham anaitikia kwa kichwa kana kwamba amezaliwa Korogwe. Wiki tatu sikuwa nimemsikia mama mkwe akicheka. Siku hiyo alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Nilikuwa nimeshashinda, jamani!

Lakini mimi nikamwangalia Graham nikamwonea huruma, nikasema kesho huyu atakaribishwa na Mwafrika mwingine atafanya vilevile, afadhali nimweleweshe leo, kwa upole. Stella akanipiga teke chini ya meza. Nikalipokea teke, nikaendelea. Nikamweleza kwamba kwetu kukaribisha ni heshima, na kukataa nako ni heshima, nikampa na mifano, ya jirani, ya mpita njia, ya fundi aliyekuja kuziba bomba.

Graham akaacha kutafuna. "Kwa hiyo nilitakiwa kukataa?"

"Ndiyo. Yaani hapana. Kwa adabu, ndiyo."

Uso ukamwiva mwekundu kuliko ule mchuzi wa nyanya mezani. Akakirudisha kichapati kwenye sinia, kimeng'atwa, akasimama na kusema, "Nisameheni sana," kwa sauti iliyonyamazisha meza zote sita, kisha akatoka bila hata chakula chake.

"Mgeni anakwenda wapi?" Mama akauliza. "Umemwambia nini?"

Nikafungua mdomo nitafute uongo mzuri. Na Neema, mtoto ambaye hata shikamoo tunaivuta kwa kamba, akachagua dakika hiyo kujibu kwa Kiswahili safi ambacho sijui alikuwa amekificha wapi: "Baba amemwambia hakutakiwa kula."

Mama akanitazama. Mimi na mama mkwe huwa hatutazamani machoni, heshima hairuhusu. Siku hiyo alinitazama.

"Baba Neema. Nchi nzima hii nimepata mtu mmoja wa kula naye, na huyo mmoja umemfukuza mezani. Kamrudishe. Asiporudi, kesho naondoka."

Nikamwona Stella ameshika tumbo kwa mikono miwili. Nikanyakua sahani ya mchuzi (msiniulize kwa nini, nadhani nilitaka ushahidi), nikatoka mbio. Mwenye mgahawa alipoona mteja anakimbia na sahani yake, naye akatoka, mkono mmoja mwiko, mkono wa pili mfuko wa Graham, anaita, "Sahani! Sahani yangu!" Basi pigeni picha: mbele mzee, katikati mimi, nyuma yule mama na mwiko, na vijana wa matairi wamekaa chini kwa kicheko. Nikajikwaa, mchuzi wote ukahamia kifuani. Graham akageuka, akaona jitu limelowa rangi nyekundu linamjia, akaingia ndani ya gari lake, akajifungia.

Nikafika kwenye kioo, nikaanza tena kueleza. Naam, tena! Nikaeleza tofauti ya kukaribisha kwa desturi na kukaribisha kwa moyo, nahema, na kioo kimefungwa, na mwenye mgahawa ananivuta sahani.

Kisha Mama akafika, polepole, khanga begani. Akanisogeza kando kama pazia. Akagonga kioo kwa kidole kimoja. "Baba, shuka. Chakula kinapoa."

Graham hajui neno moja la Kiswahili. Alishuka.

Tukarudi mezani, akafungua na mfuko wake tukala vyote pamoja, na katika mazungumzo akasema kila Jumamosi huwa anachukua chakula pale na kukila ndani ya gari, akisikiliza mpira redioni. Nikamtafsiria Mama. Akaacha kula.

"Ndani ya gari? Peke yake?"

"Ndiyo, Mama."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Stella. "Mwanangu, habari ya tiketi tuiache. Siwezi kuondoka watu wanakula ndani ya magari."

Stella akalia tena, safari hii bila kufungulia maji, na akala vichapati vinne.

Mtoto amezaliwa salama, na Mama yupo. Jumamosi hukaa meza ya mlangoni pale mgahawani na kukaribisha kila anayeingia, na mnajua nini, wanakaa! Mimi nimeapa kutomweleza tena jambo lolote mtu mwenye chakula mdomoni. Nikimkaribisha mtu, nasogeza kiti, naagiza sinia la pili, nafumba mdomo. Na mkiniona siku hizi nawakaribisha kwa sauti ndogo sana, msinielewe vibaya. Ni kwamba Mama anasikiliza, na sinia la pili nalipa mimi.