Kijino cha Bunduki ya Baba

Sisi tuliokulia Cheptiret tulitafuna ngano mbichi mpaka ikawa chingamu, tukaenda shule miguu mitupu kwenye umande wa kuuma, na mzazi akikasirika tulijua kunyamaza. Watoto wangu nikiwasimulia hunionea huruma, kisha wanarudi kwenye simu zao. Lakini kuna jambo moja sijawasimulia, kwa sababu linanitia aibu hadi leo.

Baba alikuwa polisi wa akiba. Serikali ilimpa bunduki kuukuu, masalio ya vita vya Wazungu, alinde ng'ombe wa kijiji dhidi ya wezi. Jumamosi aliipangusa kwa mafuta huku githeri ya mahindi na maharagwe ikichemka, nasi watoto tulimtazama kwa majivuno. Ila ilipiga kushoto, na kila aliyewahi kuijaribu alisema hivyo. Wanaume pale dukani walisema mwizi akitaka kupona asimame mbele ya bunduki ya Baba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kicheko kile kiliniuma sana.

Nilikuwa nimeona kwamba kijino cha kulengea, kile cha mbele ya mtutu, kimeegemea kulia. Jumapili moja nikajifanya naumwa tumbo, watu wote wa nyumbani wakaenda kanisani. Risasi Baba alizifungia, lakini bunduki ilikaa chini ya kitanda. Nikakigonga kijino kwa nyundo mpaka kikakaa katikati, nikakipaka masizi ya sufuria ili alama isionekane. Niliona nimemsaidia.

Ambacho sikujua ni kwamba Baba alishauzoea ugonjwa wa bunduki yake. Miaka yote alilenga kulia kidogo, na risasi ikaenda alikotaka.

Wiki hiyo wakubwa wa polisi wakaja kuwapima shabaha polisi wa akiba, kijiji kizima kikitazama. Baba alipiga risasi tano, na zote zikapita kulia mwa ubao.

"Mzee, macho yamekwisha," afisa akamwambia. "Weka bunduki chini."

"Macho yangu ni mazuri, afande."

Hakuna aliyemwamini. Bunduki akapewa jirani yetu, nami nikamfuata Baba nyumbani bila kumwambia habari ya nyundo. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hata yeye mwishowe aliamini. Aliacha kusoma Biblia mbele ya kanisa, akisema macho hayamfai tena.

Sasa ni mzee, anakaa nami hapa Yamumbi. Juzi msichana wangu wa mwisho aliangusha redio ya babu yake ikapasuka. Alimwendea moja kwa moja.

"Guka, ni mimi nimeharibu redio yako. Nisamehe."

Baba akacheka, akampapasa kichwa, yakaisha.

Huwa tunawasema watoto wa siku hizi kwamba hawaogopi mzazi. Sisi tuliogopa, na woga huo tukauita heshima. Nilisimama pale mlangoni, mama wa watoto watatu, na maneno hayo hayo ya mtoto nimeshindwa kuyasema miaka arobaini. Baba akaniuliza mbona nimesimama.

Nikamwambia naenda kumchemshia chai.